Ramani Iliyomo Simuni na Mlima Usio na Mtandao

Likizo ya askari ni fupi, na mara nyingi mambo ya nyumbani huimeza yote: paa linalovuja, karo za shule, wagonjwa wa kuangaliwa, na ukoo unaodai kumwona mtoto wao. Hata hivyo ziko familia ambazo, baada ya kuweka akiba kidogo kidogo, huamua kutumia siku nne katika Mlima Elgon au wiki moja katika Milima ya Rwenzori, ili vijana waione nchi yao kwa macho yao wenyewe. Mizigo hufungwa, viatu hupakwa mafuta, na swali la mwisho kabla ya kuondoka siku hizi huulizwa na kijana mkubwa wa nyumba: "Baba, umeshapakua ramani?"

Swali hilo si la mchezo. Mpandaji akishaliacha lango la Nyakalengija, lililo kwenye kimo cha mita 1,600 hivi, na kuingia msituni kuelekea kibanda cha Nyabitaba, mtandao wa simu huanza kukatika. Huonekana tena hapa na pale kwenye migongo ya vilima, kisha hupotea mabondeni. Simu iliyozoea kumwongoza mwenyewe katika mitaa ya Kampala hugeuka ubao mweupe wenye nukta moja ya buluu katikati. Nukta ipo, ila nchi inayoizunguka haipo.

Wengi hushangaa kwamba nukta hubaki. Haitoki kwenye minara ya simu. Hutoka juu, kwenye setilaiti zizungukazo dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikimaliza mizunguko miwili kwa siku. Mfumo wa kwanza wa namna hiyo kuenea duniani, uitwao GPS, ulijengwa na jeshi la Marekani na kutangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Hata hapo raia walipewa vipimo vilivyopotoshwa kwa makusudi, mpaka Mei 2000, amri ilipotolewa ya kuacha upotoshaji huo. Leo simu nyingi husikiliza pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China. Simu husikiliza tu, haijibu. Ikizipata setilaiti nne hujua mahali ilipo na kimo chake. Kwa hiyo hufanya kazi hata bila kadi ya simu ndani yake. Kinachokosekana ni picha ya nchi chini ya nukta, na picha hiyo lazima iwekwe simuni kabla, nyumbani, penye mtandao.

Ni programu ipi basi ifaayo kuitunza picha hiyo? Waliozitumia hawana neno moja.

Ramani za Google, ambazo karibu kila simu huja nazo, husifiwa barabarani na mjini. Humruhusu mtu kupakua eneo na kulitumia bila mtandao. Lakini kampuni yenyewe yaeleza kwamba bila mtandao programu hiyo hutoa maelekezo ya gari tu, wala si ya mwenda kwa miguu. Tena eneo lililopakuliwa huisha muda wake lisipohuishwa. Mpandaji aliyeitegemea peke yake mlimani amebeba ramani ya barabara mahali pasipo na barabara.

Kisa cha programu iitwayo Maps.me chafaa kusimuliwa, maana chaeleza mengi juu ya hisia za watumiaji. Ilianza mwaka 2011 kwa jina la MapsWithMe, ikapendwa upesi na wasafiri wa dunia nzima: ilikuwa nyepesi, ya haraka, na nchi nzima iliweza kupakuliwa mara moja. Mwaka 2014 ikanunuliwa na kampuni ya Urusi. Mwaka 2020 ikauzwa tena. Wenye mali wapya walipotoa toleo lao, watumiaji wa siku nyingi walilalamika kwamba chombo chao kimeharibiwa. Baadhi ya waanzilishi wakachukua misingi ya programu ya zamani, iliyokuwa wazi kwa kila mtu, na mwaka 2021 wakatoa Organic Maps, isiyo na malipo wala matangazo. Hata huko hapakukosa mvutano: mwaka 2025, baada ya ugomvi juu ya uendeshaji, kundi la wachangiaji likajitenga na kutoa CoMaps. Duka limebadilisha mwenyewe na jina, na wateja wamehama mara mbili, lakini bidhaa iliyo rafuni ni ile ile, kwa maana programu zote tatu huchota ramani yao kwenye kisima kimoja. Kisima hicho kitatajwa tena hapa chini.

Wapendao mambo ya kina husifu OsmAnd. Ina mistari ya kontua, kivuli cha miteremko, kurekodi njia, na mipangilio isiyohesabika. Lawama juu yake ni hizo hizo sifa zake: mgeni hupotea ndani ya programu kabla hajapotea mlimani. Anayeichagua ajifunze kuitumia muda mrefu kabla ya safari, tena akumbuke kwamba toleo lisilo na malipo lina mipaka yake.

AllTrails na Gaia GPS zina wapenzi wengi Marekani na Kanada. Ya kwanza hupendwa kwa maelezo ya watu waliopita njiani, wakisema mto umejaa au mti umeanguka. Lakini kupakua ramani zake ni kwa wenye kulipa ada ya mwaka, na jambo hilo ndilo linaloongoza kwa manung'uniko. Kwa mwenye mshahara wa koplo, ada hiyo yafaa kulinganishwa na bei ya koti zuri la mvua. Katika Rwenzori koti litamfaa zaidi.

Sasa kisima chenyewe. OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu ye yote aweza kuichora na kuirekebisha. Mahali penye wachoraji wengi yaweza kuwa bora kuliko ramani ya serikali. Mahali penye wachache, njia yaweza kuwa imechorwa na mtu mmoja aliyekaa mezani ng'ambo ya bahari, akifuata picha ya setilaiti. Katika uwanda wa nyasi picha hiyo yatosha. Katika msitu wa mvua, ambamo njia imefunikwa na majani na mlima wenyewe umefunikwa na mawingu, picha haioni kitu. Njia ya kweli huingia katika ramani siku ile tu mtu alipoikanyaga akiwa na simu inayorekodi. Kwa hiyo, hoja ya watumiaji kwamba programu fulani ni sahihi kuliko nyingine mara nyingi ni hoja iliyokosea mlango. Swali la kuuliza ni nani aliyeuchora mstari ule, na lini.

Hali kadhalika mistari ya kontua, inayoonyesha mwinuko wa nchi. Vipimo vyake katika programu nyingi hutokana na kazi ya chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour, kilichoipima dunia kwa rada kwa muda wa siku 11 mnamo Februari 2000. Vipimo hivyo viko umbali wa mita 30 hivi kutoka kimoja hadi kingine. Kazi hiyo ni ya ajabu, lakini genge la mita 15 laweza kujificha katikati ya vipimo viwili, na mpandaji akaona skrini inayoahidi mteremko wa upole kumbe mbele yake pana shimo.

Madhara ya kuamini mstari yameonekana katika nchi zenye ramani nyingi kuliko zetu. Mwezi Julai 2021 vyama vya wapanda milima na watunza mazingira vya Uskoti viliwaonya watu juu ya njia ya kwenda Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza, iliyokuwa ikionyeshwa na Ramani za Google. Njia hiyo ilimpeleka mtu mahali ambapo hata mpandaji hodari angesita, na vyama hivyo vilisema wazi kwamba yaweza kuua. Mwishoni mwa 2023, katika milima iliyo kaskazini ya Vancouver huko Kanada, kikosi cha uokoaji kilimwondoa kwa helikopta mtu aliyekwama kwenye jabali karibu na Mlima Fromme. Waokoaji walieleza kwamba njia aliyoifuata ilionekana katika ramani ya simu, na haikuwapo ardhini. Kikosi hicho kiliwasihi watu wasitumie ramani za barabara za mjini kwa safari za porini, bali programu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na ramani ya karatasi na dira.

Katika Rwenzori mambo hubadilika hata pale mstari ulipokuwa wa kweli. Mwezi Mei 2020 mito ya Nyamwamba, Mubuku na Nyamugasani ilifurika katika Wilaya ya Kasese, ikavunja madaraja na kuharibu makazi ya watu na sehemu ya Hospitali ya Kilembe. Ramani iliyopakuliwa kabla ya mafuriko kama hayo huendelea kuonyesha daraja lililokwisha kuchukuliwa na maji. Juu zaidi, barafu iliyoonwa na msafara wa Mtawala wa Abruzzi, uliofika kilele cha Margherita mwaka 1906, imepungua sana, na njia za kuikabili hubadilika miaka michache tu ikipita. Ndiyo maana kanuni ya hifadhi kwamba kila mpandaji aandamane na kiongozi si urasimu. Viongozi wengi ni Bakonzo waliozaliwa chini ya milima hiyo. Kiongozi akisema, "Afande, tupite huku," na simu ikasema vingine, afande amfuate kiongozi.

Hapa msomaji aweza kuuliza: ikiwa kiongozi yupo, simu ya nini? Yafaa kwa saa ile ambayo ukungu umeshuka, mtu amebaki nyuma kufunga kamba za viatu, na kundi halionekani tena. Yafaa pia kwa kumwambia mwokoaji mahali mtu alipo. Na katika jambo hili la mwisho askari wetu wana kosa lao ambalo raia hawana.

Askari wengi wamefundishwa kusoma ramani za karatasi za kipimo cha 1:50,000, zile zilizotolewa na idara ya upimaji iliyoko Entebbe. Ni ramani nzuri, zilizochorwa kwa uangalifu, na mwenye nazo asizitupe. Lakini mistari yake ya namba imejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, hali simu hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Hapa Uganda tofauti ya misingi hiyo miwili ni karibu mita 300, hasa katika uelekeo wa kaskazini na kusini. Anayechukua namba kutoka simuni na kuzitia moja kwa moja katika ramani ya zamani hujiweka milimita 6 mbali na mahali pake. Milimita 6 karatasini ni kitu kidogo. Mita 300 ndani ya ukungu ni bonde jingine. Baadhi ya programu huruhusu msingi kubadilishwa. Pasipo uwezo huo, mtumiaji asichanganye namba za karatasi na za simu, bali alinganishe mito na vilele kwa macho.

Kosa la pili ni la namna ya kuandika namba. Simu moja huandika latitudo kwa digrii na desimali, nyingine kwa digrii, dakika na sekunde. Digrii moja ina dakika 60, na huku kwetu, karibu na Ikweta, digrii ni kilomita 111 hivi iwe ya latitudo au ya longitudo. Mtu aliye kwenye latitudo 0.38 kaskazini yuko kwenye dakika 23 kasoro kidogo. Akiitamka kwa simu ya upepo kama "sifuri, thelathini na nane", na mpokeaji akaandika dakika 38, waokoaji watapelekwa kilomita 28 kaskazini yake. Polisi wapokeao simu za dharura wanalijua tatizo la mtu anayesema "niko karibu na mwembe". Hili ni mwembe wa namba. Mtoa habari aitamke nukta, na mpokeaji airudie.

Juu ya betri, malalamiko ya watumiaji yanafanana kila mahali. Simu inayotafuta mtandao usiokuwapo hujichosha kama mtu apigaye kelele jangwani, kwa hiyo iwekwe katika hali ya ndege. Katika simu nyingi za sasa nukta ya buluu haizimwi na hali hiyo. Baridi ya usiku hupunguza nguvu ya betri. Katika kibanda cha Elena, mita 4,541 juu, simu ilale ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenyewe, siyo mezani. Skrini iliyolowa mvua haisikii kidole, na yenye glavu haisikii kabisa. Betri ya akiba ni ya lazima, na mfuko wa nailoni wa kufungia simu hauna bei ya kuogopesha mtu.

Kuna na jambo ambalo halimhusu sana mfanyakazi wa benki, bali lamhusu mno askari. Programu nyingi za kutembelea zina kitufe cha kurekodi njia na kuwaonyesha wengine. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, inayotumiwa na wakimbiaji na wapanda baiskeli, ilitoa ramani ya dunia yenye kung'aa mahali watu walipopita. Januari 2018 ikagunduliwa kwamba katika nchi za vita, ambako giza lilitawala ramani nzima, kambi za askari wa kigeni ziling'aa peke yake, pamoja na njia ambazo askari walikuwa wakikimbilia asubuhi. Agosti ya mwaka ule Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikawakataza watu wake kutumia vyombo vya namna hiyo katika maeneo ya operesheni. Somo halikuingia kila mahali, kwa kuwa Oktoba 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa lilionyesha kwamba nyendo za marais zilijulikana kupitia mazoezi ya walinzi wao waliotumia programu hiyo hiyo.

Asidhani mtu kwamba kutumia ramani bila mtandao kwamkinga. Njia iliyorekodiwa hukaa simuni kimya, na ikiwa programu imepangwa kujituma yenyewe, husafiri siku mtandao unaporudi. Aliyerekodi matembezi ya Elgon kwa furaha ya watoto, akasahau kuzima, ataendelea kurekodi mpaka langoni mwa kambi. Rwenzori yenyewe ni mpaka wa nchi; hifadhi ilifungwa tangu 1997 hadi 2001 kwa sababu ya vita vya waasi, na wazee wa vikosi wanakumbuka. Kitufe cha kushiriki kizimwe kabla ya safari, tena kizimwe na katika simu ya kijana, ambaye mara nyingi ndiye mwenye programu nyingi kuliko baba yake.

Maandalizi yenyewe hayahitaji zaidi ya jioni moja. Eneo lote la mlima lipakuliwe, siyo njia peke yake, maana aliyepotea yuko nje ya njia. Kisha mtandao uzimwe hapo hapo sebuleni, programu ifunguliwe upya, na watu wazunguke nayo nje ya nyumba mpaka duka la jirani na kurudi. Ramani ikionekana ubao mweupe karibu na duka, ni afadhali iwe hapo. Nukta ya kwanza yaweza kuchukua dakika kadhaa kutokea pasipo msaada wa mtandao. Asiyejua hilo hudhani simu imekufa. Kila mtoto aliye na umri wa kubeba simu aonyeshwe jinsi ya kusoma namba za mahali alipo, azisome kwa sauti, na mama aziandike bila kuangalia skrini. Wakipishana, mchezo urudiwe.

Yule abakiye nyumbani, awe mke, mume au mama mzazi, aachiwe karatasi. Simu yake imejaa mambo mengine na ujumbe hufutika. Karatasi iwe na jina la njia, majina ya vibanda kwa kufuata usiku, jina la kiongozi na namba ya ofisi iliyowaandikisha, rangi za makoti, na siku ya kushuka. Chini yake iandikwe saa moja iliyokubaliwa na pande zote mbili: saa ambayo, ikipita bila habari, abakiye hatangoji tena wala hataona haya kusumbua watu. Saa hiyo isiwe ile ya kutarajiwa kufika, kwa kuwa matope huchelewesha. Iwe mbele yake kwa saa sita au zaidi, kama walivyopatana. Ikifika, kwanza aipigie ofisi ya njia, halafu askari wa hifadhi, halafu polisi kwa namba 999 au 112. Karatasi ibandikwe ukutani mahali ambapo hata jirani aliyeingia kuomba chumvi aweza kuiona.